Dole la Taratibu

Watu wanasema nina hasira. Waongo wakubwa. Mimi hukasirika ninapochokozwa tu, na si kosa langu kama dunia imejaa wachokozi. Kazini wananiita Pilipili, mbele yangu na nyuma yangu, na mimi huitika, kwa sababu jina la utani ukilikataa ndiyo umelipigilia misumari.

Siku ile walinichokoza kweli. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa katika chumba cha mikutano, ghorofa ya pili, chini ya feni mbovu. Mbele alisimama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, akitetea tasnifu yake ya udaktari mbele ya jopo la watu watano. Mimi si msomi. Mimi ni fundi wa mashine ya kupasua mwanga. Mwanga wa nyota unatoka kwenye darubini, unaingia kwenye mashine upande mmoja, unatoka upande wa pili umetandazwa rangi moja moja, na kompyuta inauchora mstari wenye mabonde na vilele. Mashine hiyo nimeilea miaka thelathini na mmoja. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukaa pale, hata kama hakuna aliyenikaribisha.

Miaka minne mtoto yule alikuwa ameshughulika na nyota moja tu. Iko kwenye galaksi jirani, jirani wa kusema tu, maana mwanga wake unatembea miaka laki mbili kufika hapa. Ukiitazama ni nukta. Lakini yeye alisema ile si nyota moja, ni mbili zinazoishi pamoja. Moja ni kubwa, nyekundu, imezeeka na kuvimba, inapumua gesi yake nje bila kukoma. Nyingine ni ndogo, nyeupe, saizi ya dunia yetu hii, ina moto usiosemeka, na imekaa ubavuni mwa ile kubwa ikila ile gesi. Alionyesha mabonde mapana kwenye wekundu, ambayo ni dalili ya nyota kubwa iliyopoa. Alionyesha vilele vya haidrojeni na heliamu ambavyo nyota iliyopoa haiwezi kuvitoa hata ikiombewa dua. Alionyesha jinsi nukta inavyofifia kila baada ya siku mia sita na kitu, kubwa inapopita mbele ya ndogo. Kisha akafika kwenye kilele chake kipenzi, namba elfu sita mia nane thelathini kwenye kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga.

"Hiki ndicho ushahidi," alisema. "Nyota ndogo inatoa mwanga wa oksijeni ambao macho hayauoni. Mwanga huo ukipita kwenye pumzi ya ile kubwa unabadilika, unatoka mwekundu, hapa. Nyota iliyo peke yake haiwezi kuutoa. Lazima ziwe mbili."

Nilitaka kupiga makofi. Mwenyekiti wa jopo akavua miwani. Tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu anaweza kukurudishia barua ya kuomba ruhusa ya msiba eti umesahau nukta.

"Binti, umefanya kazi," alisema. "Lakini kilele hicho si cha nyota. Sote humu tunajua ni cha nani." Akawageukia wenzake, akatabasamu. "Hilo ni Dole la Taratibu."

Jopo zima likacheka.

Hapa lazima nieleze. Ndani ya mashine yangu kuna sanduku la chuma, na ndani ya sanduku kuna kioo kilichochorwa michirizi, elfu moja na mia mbili ndani ya kila milimita. Kioo hicho ndicho kinachopasua mwanga. Hakiguswi. Hakipanguswi. Vumbi likiingia linapulizwa kwa hewa kavu, basi. Ukikigusa, mafuta ya ngozi yanaingia kwenye michirizi na hayatoki tena, na ukijaribu kufuta, unafuta na michirizi yenyewe. Miaka kumi na tisa iliyopita kiliguswa. Tangu siku hiyo, kila nyota yenye kilele kirefu cha haidrojeni huota kinundu cha uongo upande wa kulia, karibu na namba ile ile ya mpwa wangu. Kinundu hicho kina jina. Limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta ya chumba cha vipimo, ili wanafunzi wapya wasidanganyike: DOLE LA TARATIBU.

Taratibu alikuwa fundi mwenzangu. Aliitwa hivyo kwa sababu hata chai alikuwa akiikoroga kama anayeogopa kuiamsha. Alifukuzwa kazi kwa ajili ya dole hilo. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, na binti aliyesimama pale mbele akichekwa ni mtoto wake.

Nikasimama. "Nyie hamna haya?" nilisema. "Mtoto wa watu anawaeleza mambo ya mbinguni, ninyi mnamcheka na baba yake aliye kaburini?"

"Fundi, kaa chini," alisema Bwana Nukta.

"Sikai! Na mashine ni yangu, kama kuna wa kuitukana anitukane mimi!"

"Mjomba," alisema mpwa wangu kwa sauti ndogo. "Tafadhali."

Nikakaa. Alikuwa hajatingishika. Bwana Nukta akavaa miwani yake na kutoa hukumu. Akampa siku kumi. Aje aonyeshe njia ya kutenganisha kilele chake na lile dole. Akishindwa, sura ya nne inatoka, na sura ya nne ikitoka hakuna tasnifu. Muda wake wa masomo ulikuwa umeshaongezwa mara mbili. Mara ya tatu haipo. Miaka minne ingekwenda na maji kwa sababu ya kidole.

Mpwa wangu alinifuata karakana, akakaa juu ya sanduku la vifaa kama alivyozoea tangu utotoni. Mimi nilikuwa natupa spana huku na huku.

"Yule mzee nitamwonyesha," nilisema. "Nitampelekea barua isiyo na nukta hata moja!"

"Mjomba, hasira yako haitanipa shahada. Nisikilize." Akachukua kipande cha chaki, akachora mraba sakafuni. "Hiki ni kioo. Alama haijaenea kioo kizima, iko mahali pamoja tu. Tukiweka karatasi nyeusi mbele yake, bila kugusa kioo, mwanga hautaipiga. Kinundu kitakufa. Kilele changu kikibaki, ni cha nyota. Kikifa nacho, nitawaomba radhi nikatafute kazi nyingine."

Rahisi hivyo. Ungedhani mtu angeshalifikiria siku nyingi zilizopita.

"Sanduku halifunguliwi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu halifunguliwi! Vumbi! Unyevu! Lilipofunguliwa mara ya mwisho si uliona yaliyotokea?"

"Nilikuwa na miaka saba, Mjomba. Niliona baba amerudi nyumbani saa nne asubuhi." Akasimama, akajifuta chaki mikononi. "Ufunguo unao wewe. Nitaandika barua kwa mkurugenzi. Naomba usinipinge."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika spana.

Sasa ngoja niseme, maana nimeshaanza. Dole lile ni langu.

Siku ile, miaka kumi na tisa iliyopita, nilifika kazini mapema. Nikasikia kitu kinagonga ndani ya mashine, skrubu ndogo imelegea kwenye kishikizo cha kioo. Sheria ilikuwa hivi: kabla hujafungua sanduku unasaini daftari, na mnafungua wawili. Nikasema, ah, skrubu moja, niandike daftari zima? Nikafungua. Nikavua glavu ya kulia kwa sababu skrubu ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Kioo kikateleza, kidogo tu, nami nikakizuia kwa dole gumba. Pumzi moja. Nikakirudisha, nikakaza skrubu, nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake kinundu kikatokea. Mkurugenzi wa wakati ule akafungua sanduku, akaona alama, akafungua daftari. Saini ya mwisho ilikuwa ya Taratibu, aliyekuwa amepuliza vumbi siku mbili kabla, na siku hiyo mwenzake aliyetakiwa kusimama naye, yaani mimi, nilikuwa nimetoroka kwenda kuangalia mpira. Hakuna aliyepima alama. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini mkurugenzi alikuja anafoka, na mimi mtu akifoka hufoka zaidi. Nikajikuta nimemnyooshea Taratibu kidole. "Shemeji, umefanya nini?" nilimwambia mbele ya watu wote. Nilimfokea mimi wa kwanza.

Yeye hakubisha. Aliitazama mikono yake. "Sikumbuki kugusa," alisema. "Lakini kama saini ni yangu..."

Baada ya hapo alikaa kwenye kibanda cha kutengeneza kufuli na funguo. Mara mbili au tatu kwa mwaka aliniuliza: "Shemeji, hivi ilikuwaje? Labda niliteleza?" Na mimi nilimjibu kwa ukali aache kufukua makaburi. Alikufa miaka miwili iliyopita akiamini mkono wake ndio ulioiharibu mashine. Na kila mwanafunzi aliyewahi kuuliza kwa nini sanduku halifunguliwi, nilimfokea mpaka akakoma. Ndiyo kazi ya hasira yangu. Watu walidhani nailinda mashine.

Jioni nilikwenda kwa dada. Nilikuta anapiga pasi sare za wauguzi, kazi yake ya nyumbani, shati juu ya shati. Ukutani ilikuwepo picha ya Taratibu amembeba binti yake siku ya kwanza ya shule, baada ya kufukuzwa kazi, amemshika kiuno juu ya sweta, vidole vimekunjwa.

"Nasikia unakataa kufungua sanduku," alisema dada bila kuinua macho.

"Nani kakwambia?"

"Kwani mimi sina mtoto? Kaka, fungua. Dole likiwa la baba yake, basi na liwe. Tumeshaishi nalo." Akakunja shati. "Shemeji yako hakutaka hata picha za mtoto kuzishika katikati. Alizishika kwa ncha, pembeni, kama zinaungua. Miaka kumi na saba, kaka, mwanamume anashika picha ya mwanawe kwa ncha. Kama kufungua hilo sanduku kutampa mtoto shahada, fungua, tupumzike wote."

Nikamfokea kwamba pasi yake ina joto sana, itaunguza kola. Nikaondoka bila kunywa chai. Njiani nilijisonya mwenyewe mpaka watu wakageuka.

Mkurugenzi akakubali. Barua ikaja ikiwa na muhuri: sanduku lifunguliwe Jumatano saa nne asubuhi, mwanafunzi apige picha ya alama kwa kumbukumbu, kisha aizibe. Fundi atoe msaada. Fundi ndiyo mimi.

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa karakana peke yangu. Nilijiambia nakuja kuandaa mambo. Mezani nikaweka tochi, lenzi ya kukuzia, glavu, karatasi nyeusi. Nikaweka na pamba. Nikaweka na chupa ya spiriti. Pamba na spiriti havikuwa na kazi yoyote pale, na mikono yangu ilivipanga kama vile ni vya kawaida.

Nikafungua skrubu nne za sanduku. Kifuniko kikatoka. Nikaelekeza tochi ubavuni mwa kioo.

Lilikuwepo. Kona ya chini, upande wa kulia, zima, limetulia, utasema nimelibandika jana. Mizunguko yote ya ngozi ilionekana. Na katikati, kutoka juu mpaka chini kwa mshazari, kovu. Kovu hilo nililipata nikiwa kijana, msumeno wa chuma ulinipitia dole gumba la kulia. Hakuna dole jingine karakana nzima lenye mstari ule. Mpwa wangu alipokuwa na miaka minne alikuwa akipitisha kidole chake kidogo juu ya kovu hilo akiliita njia ya treni. Alikuwa anapiga honi kabisa.

Nikawaza: nikifuta, michirizi ya kona ile inakufa, labda na zaidi. Kinundu kitabadilika, hakuna atakayejua kitakuwaje. Kilele chake kitapotea humo humo. Nitasema unyevu uliingia, si niliwaonya? Nikamimina spiriti kwenye pamba. Nakumbuka baridi yake.

"Mjomba, usiguse!"

Alikuwa mlangoni, mkoba begani. Alikuwa amekuja mapema, na yeye.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Kioo hakisafishwi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Unanifundisha kazi wewe?" nilifoka. "Wewe wa juzi? Mashine hii nimeishika kabla hujajua kufunga kamba za viatu!"

Zamani ningefoka hivyo angerudi nyuma. Safari hii alikuja moja kwa moja, akavaa glavu, akachukua lenzi na tochi, akainama. Alitazama muda mrefu. Feni ya karakana ilikuwa imezimwa, nikasikia pumzi yake. Kisha akajinyoosha.

"Nipe mkono."

"Mkono wa nini?"

"Wa kulia. Nipe mkono, Mjomba."

Nikampa. Akachukua pamba kutoka vidoleni mwangu, akaiweka mezani. Akageuza kiganja changu juu, akakunjua dole gumba, akamulika tochi.

"Njia ya treni," alisema.

Nilijaribu kulikunja dole, akalishikilia.

"Tangu siku ile baba hakunishika uso tena," alisema kwa hasira, si kwa kilio. "Unajua hilo? Nikilia alinifuta machozi kwa leso. Nilidhani hanipendi. Nilipofika miaka kumi nikamuuliza. Akaniambia, mwanangu, mikono yangu huharibu vitu vizuri. Miaka kumi, Mjomba! Nikaanza kuogopa mikono ya baba yangu."

"Nilitaka kusema..."

"Ulitaka lini? Ulikuwa unakuja nyumbani kila wiki. Ulikula naye sahani moja. Alipokuwa anakuuliza ilikuwaje, mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani, nakusikia unamfokea!"

"Mimi nilikulea," nilisema. Hilo ndilo lililonitoka. "Baba yako alipokosa kazi, ni mimi niliyekulea na kukusomesha."

"Ndiyo. Ulinilea." Akaniachia mkono. "Wanafunzi wenzangu wananionyesha kinundu na kunitajia jina la baba, mimi nacheka nao ili wasijue kama inauma. Nikirudi kwako unanipikia uji na kuniambia nisiwajali. Na wewe unajua! Kila kijiko unajua!"

Akageuka, akashika ukingo wa meza. Nilidhani atapindua kila kitu. Angepindua ningemsaidia. Badala yake alitoa kamera kwenye mkoba.

"Shika tochi," alisema. "Ubavuni. Usitetemeke."

Alipiga picha sita. Kisha akakata karatasi nyeusi kwa wembe, akaigandisha kwenye kijiti chembamba, akaisimamisha mbele ya ile kona, upana wa unywele mmoja tu kutoka kwenye kioo, bila kugusa. Ilimchukua saa nzima. Alifanya taratibu, kwa subira, ulimi kwenye kona ya mdomo. Nilikuwa nimewahi kuona kazi ya namna hiyo kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo nilimfukuzisha. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa Bwana Nukta na jopo lake ikakosa mahali pa kwenda, ikanirudia mwenyewe.

Saa nne kasoro dakika chache, mwakilishi wa mkurugenzi akaja, akakuta kazi imekwisha, akasaini.

"Sitasema," mpwa wangu aliniambia alipoondoka mwakilishi. "Picha nitaionyesha, ni lazima. Lakini sitasema ni la nani. Mdomo ni wako."

Darubini ilikuwa imembakizia zamu moja ya kuitazama nyota yake, nayo ikatosha. Siku ya kumi tulirudi chumba kile kile, feni ile ile. Safari hii sikukaa nyuma. Nilikaa kiti cha mbele, pembeni, mikono chini ya mapaja.

Akaonyesha mchoro wa zamani na mchoro mpya, mmoja juu ya mwingine. Kinundu kilikuwa kimekufa kabisa, pamekuwa bapa. Na kwenye elfu sita mia nane thelathini kilele kilikuwa kimesimama peke yake, chembamba, safi. Tena kulikuwa na kingine kidogo mbele yake, kwenye elfu saba themanini na kitu, ndugu yake, ambacho hutoka kwa njia ile ile. Nyota zilikuwa mbili. Wajumbe wakaacha kuegemea viti. Bwana Nukta akasogea karibu na ukuta, akatazama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Haya," alisema mwishoni. "Haya, binti. Hiki ni cha nyota."

Nilimwona mpwa wangu akishusha mabega kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Kisha akabonyeza, ikatokea picha ya alama, kubwa ukuta mzima. Mizunguko, na lile kovu.

"Alaa!" alisema Bwana Nukta, akacheka, raha imemrudia. "Kumbe ndiyo hili! Dole la Taratibu lenyewe!"

Wenzake wakacheka. Mpwa wangu hakucheka. Hakunitazama hata mimi. Alitazama karatasi zake, akapanga kingo zake ziwe sawa, akasubiri.

Nikasimama.

"Si la Taratibu," nilisema.

"Fundi, tafadhali, si wakati wa..."

"Nimesema si la Taratibu!" Nikatembea mpaka ukutani, nikainua dole gumba langu mbele ya mwanga wa projekta, kivuli chake kikaangukia picha. "Lete lenzi kama unabisha. Kovu hilo ni la msumeno. Nilifungua sanduku peke yangu, sikusaini, nikavua glavu, nikagusa. Nikafunga mdomo. Mwenzangu akafukuzwa, na mimi nikamnyooshea kidole cha mkono huu huu. Mnacheka nini? Miaka kumi na tisa mnamcheka mtu ambaye hakuwahi kugusa kitu bila kunawa!" Nikataka kuendelea kuwatukana. Nilikuwa na matusi ya kutosha. Lakini ikanijia kwamba miaka kumi na tisa wao walicheka bila kujua, na mimi nilikuwa nimekaa nao najua, na karatasi ile juu ya kompyuta niliipita kila asubuhi. "Andikeni hivyo," nilisema. "Na nukta."

Bwana Nukta akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa nini hukusema?" aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Nikashusha dole, nikatoka kwenye mwanga wa projekta.

Walitutoa nje dakika ishirini. Walipotuita, mpwa wangu akawa daktari, na masahihisho matatu madogo, yote ya nukta. Mimi niliambiwa nisubiri barua. Ilikuwa imebaki miezi minane nistaafu, na barua hiyo nilijua itasema nini. Watu walimzunguka, wakampongeza. Nikajisogeza pembeni, nikajiambia kwamba nimefanya jambo gumu, na kwamba kila mtu ameona nimelifanya. Nikasubiri aje.

Hakuja. Nilimkuta chumba cha vipimo, amesimama mbele ya kompyuta.

"Nimesema," nilimwambia.

"Umesema." Hakugeuka. "Ile pamba, Mjomba. Nisingewahi kuja asubuhi ile, ungefuta?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikaikumbuka baridi ya spiriti kwenye vidole.

"Sijui," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Angalau hilo ni kweli."

Akabandua ile karatasi juu ya kompyuta. Ilikuwa imekuwa ya njano, gundi imekauka, na kona moja ikabaki ukutani. Akaiweka mezani, akanipa kalamu ya wino mzito.

"Andika mwenyewe."

"Niandike nini?"

Akaisukuma karatasi mbele yangu. Nikainama, nikapiga mstari juu ya jina la shemeji yangu. Juu yake nikaandika Pilipili. Linasomeka. Akasubiri wino ukauke. Kisha akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, pembeni kabisa, kama baba yake alivyokuwa akishika picha, akaibandika mahali pake na kwenda kumpigia mama yake simu.